Ufa wa Juu ya Mabweni

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini masikio hayajazidi kukuchezea, na kwamba daktari hajakulazimisha kuvaa kile kifaa ulichosema kinapiga mluzi kama birika. Nimefika salama. Simu huku inashika ukipanda mnara wa tangi la maji, na hata huko inashika inapojisikia, ila ofisi ya shule ina simu yake ya waya. Kwa kuwa wewe na simu hamuelewani, barua zangu ataleta dereva wa gari la mkate, anayeshuka mjini Jumanne na Ijumaa. Anasema hafungui bahasha za watu. Alivyosema ni kama mtu aliyewahi kufungua.

Chuo kimenipa miezi minne kuupima mteremko ulio nyuma ya shule ya wasichana. Nimekuja na ripoti yako ya miaka ishirini na sita iliyopita, kurasa zake zimeanza kuachana. Baba ananitangaza kila kona. Amenipa chumba kando ya stoo yake, na kila mgeni anaambiwa hadithi ileile: dada yake ndiye aliyeupima mlima huu, akasema jenga, naye akajenga. Mabweni matatu, jiko, stoo. Kila mlango aliutengeneza kwa mkono wake.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Juu ya mabweni, kama hatua mia na arobaini, nimekuta ufa. Nyasi zimeufunika, ukipita haraka huuoni. Unaingia kidole, unapita mteremko mzima kwa upana kama kovu la tumbo. Nimepiga vigingi vya chuma jozi sita, kimoja juu ya ufa na mwenzake chini, na kila asubuhi napima umbali kati yao. Kwa siku tisa jozi ya tatu imeachana milimita nne. Mvua hazijaanza.

Profesa wangu amesema nipime mwezi mzima kabla sijafungua mdomo. Sijamwambia baba, wala mwalimu mkuu. Wewe unaonaje?

Mimi binti yako,
Mama Maswali

9 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Kifaa nimekitia kwenye droo, kipige mluzi humo.

Milimita nne si kitu. Vigingi vipya hucheza kabla havijatulia, hilo nililifundisha mwaka wa kwanza na nadhani siku hiyo ulikuwa unachora wanafunzi wenzako pembeni ya daftari. Udongo wa huko ukikauka hupasuka kama kisigino. Ng'oa vigingi vyako, uvizamishe upya nusu mita, uanze kuhesabu sifuri.

Usiwatie watu kiwewe. Na baba yako usimwambie kabisa. Unamjua ndugu yangu: akishtuka hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, anakasirika na anashika sepetu.

Chemchemi ile iliyo nyuma ya jiko, maji yake bado ni meupe au yameanza kuwa na rangi? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Shangazi yako

16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Vigingi nimevizamisha nusu mita kama ulivyoagiza. Kwa siku sita tu jozi ya tatu imeachana milimita tano.

Ulitaka nianze na chemchemi. Nilizunguka nyuma ya jiko asubuhi nzima, sikuona chemchemi. Nikamuuliza baba, nikijifanya natafuta maji ya kuoshea buti. Akaniangalia kwa mshangao. "Nani kakwambia kuna chemchemi?" Alisema aliifunika mwenyewe kwa bamba la zege mwaka wa kwanza wa ujenzi, ili wapishi wasiteleze, na tangu hapo hakuna aliyeitaja. Nikamwambia nimesoma mahali.

Sijasoma mahali, Shangazi. Haimo kwenye ripoti yako wala kwenye ramani yako. Nimezipitia mara tatu.

Baba aliinua mfuniko kwa mtaimbo. Maji yana rangi ya tofali, na yanakuja kwa nguvu kiangazi hiki ambacho visima vya majirani vimekauka. Alichungulia, akafunika, akasema panya wamechimba. Halafu akarudi kwenye mlango wa bweni la pili, ambao mwezi huu ameupiga randa mara tatu kwa sababu unagoma kufunga. Anasema mbao imevimba. Mbao gani inavimba kiangazi?

Uliijuaje chemchemi? Na kwa nini ndilo swali lako la kwanza?

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Mtu aliyetembea mlimani miezi mitano huona mengi yasiyoingia kwenye ripoti. Usiligeuze jambo dogo kuwa kesi.

Endelea kupima, asubuhi na jioni sasa. Na hamisha kitanda chako. Omba chumba upande wa geti, karibu na barabara. Sema stoo ina vumbi la saruji linakukohoza. Baba yako naye mwambie akapumzike kwa rafiki zake wiki chache, tafuta sababu yoyote.

Nitakuandikia zaidi.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Umeniambia nihamishe kitanda changu na cha baba. Wasichana mia tatu na kumi na wawili je, nao niwaambie wana kikohozi?

Nimeisoma barua yako hadi imelainika kwenye mikunjo. Mtu anayeamini mlima ni imara haandiki vile.

Mvua imeanza Jumamosi. Kwa siku tatu jozi ya tatu imeachana milimita kumi na moja, na ya nne imeanza kuifuata. Sikumsubiri Profesa. Jana nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu na daftari langu. Alinisikiliza vizuri, ni mwanamke mwenye subira. Halafu akafungua kabati, akatoa ripoti yako iliyofungwa kwa plastiki, akaweka kidole juu ya sahihi yako.

"Mwanafunzi ananiambia hivi," alisema, "na mtaalamu wa miamba ameniambia vile. Mitihani ni baada ya wiki tatu. Nikiifunga shule kwa ajili ya milimita, wazazi wataniuliza nilimwamini nani. Nimwamini nani?"

Baba alikuwemo, amekuja kurekebisha dirisha. Aliiacha bisibisi. "Unamwita shangazi yako mwongo?" aliniuliza, mbele ya mwalimu mkuu na karani wake. Nilisema ninaita ufa ufa. Tangu jana hali chakula mezani nami. Sahani yake anaichukua anakaa nayo kwenye benchi la nje, mgongo kwangu, mvua ikimrushia miguuni.

Profesa amejibu kwamba vipimo vya wiki chache haviwezi kuipindua ripoti iliyosimama miaka ishirini na sita. Kwa hiyo yote yamerudi kwako. Nipe daftari lako la wakati ule. Ripoti ninayo. Nataka daftari uliloandika ukiwa na tope mikononi.

Binti wa ndugu yako

31 Machi

Shangazi,

Gari la mkate limerudi mara mbili bila barua yako. Dereva anasema aliiacha ya tarehe 24 mlangoni kwako, aligonga hadi jirani akatoka. Nimesema pengine hukusikia. Akasema basi kesho yake bahasha haikuwepo tena.

Milimita thelathini na moja tangu mvua ianze. Mikaratusi miwili juu ya bweni la tatu imeinamia upande ambao haikuwa imeinamia.

Baba alipanda juu jana mvua ilipokatika, hakuniaga. Nilikuwa kwenye vigingi nikamwona anakuja, anahema. Alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya ufa hadi kwenye kiwiko, akakaa hivyo kitambo kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Alipoutoa ulikuwa umelowa. Akashuka, na tangu saa hiyo anahamisha vifaa vyake kutoka stoo kwenda kibanda cha geti, mkokoteni baada ya mkokoteni. Amekwenda kwa mwalimu mkuu pia. Mwalimu mkuu amemwonyesha sahihi yako.

Ukinyamaza tena nitajua maana yake.

2 Aprili

Mwanangu,

Barua zako zote ninazo. Sikukaa kimya kwa hasira. Nilikwenda chuoni, nikaomba kuingia chumba cha nyaraka, nikakaa humo siku mbili. Nilitumaini nitakuta nimekumbuka vibaya. Umri huu mtu anaweza kutumaini hata kwamba amesahau. Sikukuta kitu, kwa sababu kilichopaswa kuwemo nilikitoa mimi.

Sikiliza. Nilichimba mashimo manne. Ripoti inasema matatu. Matatu yalikuwa na mwamba mzuri. La nne nilichimba juu ya mahali yalipo mabweni sasa, na kwenye kina cha mtu mzima nilikuta tabaka la udongo wa kijivu, jembamba kama kiganja, limelowa na linang'aa kama sahani iliyooshwa. Udongo haung'ai hivyo mpaka mlima uwe umewahi kuteleza juu yake. Maji yaliyokuwa yanaulainisha yalitokea chini, pale nyuma ya jiko. Ndiyo chemchemi yako.

Nilimpelekea msimamizi wangu, marehemu sasa. Alinikaribisha kiti. Akasema shimo moja kati ya manne si ushahidi, ni mkanganyiko, na wafadhili wameshapanga siku ya kuweka jiwe la msingi, na mimi bado nasubiri kuthibitishwa kazini. Aliyasema kwa sauti ya upole kabisa. Hakunishikia kisu. Nilikwenda nyumbani nikaandika mashimo matatu.

Wiki iliyofuata baba yako alikuja na michoro chini ya kwapa. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Aliniuliza, "Dada, nichimbe msingi?" Nikamwambia jenga.

Mmezoea kunitania kwamba siji kuwatembelea masika kwa sababu naogopa tope. Sasa mnajua ninachoogopa.

Ulipoandika milimita nne nilijua. Nikakwambia ung'oe vigingi. Nilitaka kipimo chako kiwe kibaya, ndiyo ukweli wenyewe, nilikaa hapa nikimwombea mtoto niliyemlea akosee hesabu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya shimo la nne, kutoka daftari langu. Daftari nilikuwa nalo muda wote. Kuna pia maelezo yangu, nimeyatia sahihi mbele ya wakili: nakala ya mwalimu mkuu, nakala ya Profesa wako. Ya ofisi ya wilaya nimeipeleka leo mwenyewe. Wamesema watatuma mtu daraja likifunguliwa, maana mto umelifunika. Dereva wa mkate anasema anaijua njia ya juu. Nitamsubiri kiwandani mpaka apakie, nimwekee bahasha mkononi, nimwambie hii ukitaka ifungue usome, mradi ifike.

Na nimepiga simu shuleni. Sisikii kitu kwenye simu, unajua. Nilibonyeza namba, nikahesabu hadi kumi, nikaanza kusema. Nilikata, nikapiga tena. Mara tatu. Kama palikuwa na mtu au nilikuwa nauambia ukuta, sijui. Kwa hiyo nenda wewe kwa mwalimu mkuu, usingoje wilaya. Mwambie mwenye ile sahihi amesema alidanganya. Neno hilohilo, asitafutiwe laini zaidi.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi,

Sote tuko hai. Nimeanza na hilo usije ukaruka mistari.

Ulikuwa unaongea na watu. Mara ya kwanza karani alipokea, akasikia sauti ya mwanamke inasoma kama taarifa ya habari, akampa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa anajibu, "Nimesikia mama, nimesikia," na wewe unaendelea. Alisikiliza zote tatu. Karani anasema alipoweka simu chini aliiangalia ile ripoti juu ya meza kama kitu kilichomwuma, akatoka akapiga kengele yeye mwenyewe. Bahasha ilipofika kesho yake, mabweni yalikuwa matupu.

Waliondoka tarehe 2 hiyohiyo alasiri, magodoro kichwani, mistari miwili, hadi kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi ng'ambo ya bonde. Walikuwa wanacheka, walidhani ni likizo. Tarehe 3 na 4 mlima ulikaa kimya. Wazazi wawili walifika kwa miguu, wakamwuliza mwalimu mkuu kama amerogwa. Profesa alinipigia nikiwa juu ya tangi, akauliza kama najua uzito wa nilichofanya. Jua lilitoka. Nilipima vigingi nikakuta milimita mbili tu kwa siku nzima, na nakiri, nilianza kutamani mlima uporomoke, ili nisiwe mjinga. Sijui hilo nitalitubu kwa nani.

Jana saa nne asubuhi, jua bado linawaka, nilikuwa getini na mwalimu mkuu. Baba hakuwepo. Nilimuuliza mpishi, akasema amekwenda kuchukua mlango. Mlango gani? Wa bweni la pili. Alisema akiuacha utaharibika.

Nilianza kukimbia. Kwanza nilisikia kama mtu anachana kanga ndefu polepole. Halafu mikaratusi ikaanza kutembea, Shangazi, imesimama wima, inashuka pamoja na nyasi zake kama watu wanaotoka mkutanoni. Bweni la tatu lilisogea zima zima kabla halijafunguka. Kisha sikuona kitu ila vumbi na tope, na sauti yake sitaki kuiandika.

Nilimwita hadi koo likakauka. Mwalimu mkuu alinishika kiuno nisiingie. Ilipita kama nusu saa. Alitokea upande wa bustani, kaloa tope mpaka kwenye nyusi, mkono wa kushoto unaning'inia vibaya. Alikuwa ameubeba mlango kichwani na ameshafika kwenye ngazi ulipokuja upepo wa ule udongo, ukamwangusha na mlango juu yake, na matawi yakapita juu ya mlango. Nilipomfikia aliniambia, "Umevunjika bawaba." Nikadhani anasema mkono.

Mabweni mawili hayapo. Jiko halipo. Chumba changu kando ya stoo hakipo.

Profesa ameamka sasa. Anataka tuandike utafiti huu haraka, na ameshauri kuhusu ripoti ya zamani tuseme tu kwamba vipimo vya awali havikukamilika. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nimekubali. Watoto mia tatu wanapumua kwa sababu ya simu yako, na hiyo inatosha. Nakuomba nawe ukubali. Nakala ya maelezo yako Profesa yuko tayari kukurudishia.

Baba nimempa karatasi yako ya shimo la nne hospitalini. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,

Hapana.

Wanapumua kwa sababu ya vigingi vyako na kwa sababu ya mwalimu mkuu aliyekubali kuonekana karogwa. Simu yangu ilichelewa miaka ishirini na sita, na baada ya hapo ikachelewa wiki nne. Hiyo miaka ninaweza kusema nilikuwa kijana, nilikuwa mwoga, msimamizi alikuwa mkubwa. Hizo wiki nne sina la kusema. Nilikuwa mtu mzima, peke yangu, na barua yako mkononi.

Vipimo vilikamilika. Nilivikamilisha vizuri sana. Andika kwamba shimo la nne lilikuwepo, na kwamba aliyelichimba aliliondoa akijua. Andika jina langu lote na cheo changu. Yupo msichana katika darasa la Profesa wako ambaye siku moja atakaribishwa kiti na kusemeshwa kwa upole. Nataka awe ameshasoma mwisho wake.

Ukiandika "havikukamilika", nitapeleka maelezo yangu kwenye jarida mimi mwenyewe, na utakuwa umedanganya kwa ajili yangu bure.

Baba yako usimsihi. Akiniandikia, aandike kwa kutaka. Asipoandika, nitaelewa.

Shangazi yako

14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mkono ulio kwenye plasta ni wa kushoto. Wa kuandikia ni mzima, kwa hiyo sina kisingizio.

Binti yetu amenionyesha barua yako ya mwisho. Ameshaandika kama ulivyotaka, jina lote. Alilia akiandika, lakini ameandika, na Profesa wake amebaki kukohoa.

Nimekaa na hasira tangu hospitalini. Nilipanga nisikuandikie kabisa, au nikuandikie siku ambayo umeshazoea kwamba sitaandika. Juzi nilirudi shuleni, nikaenda kuhesabu vitanda vilivyofukiwa. Mia mbili na nane. Nilivihesabu mara mbili kwa kutumia daftari la matroni, kwa sababu mara ya kwanza nilitaka niwe nimekosea. Kila kitanda kina jina, Dada. Nimeyasoma yote.

Wasichana wanakuja na wazazi wao kuangalia kama sanduku lolote limesalia. Wananikuta pale, wananijua mimi ni fundi. Wanauliza nani alisema mlima huu ni mzima. Binti yetu akaanza kueleza habari za udongo na mvua. Nikamkatiza. Nimewaambia aliyesema ni dada yangu wa tumbo moja, na aliyejenga ni mimi, na niliiona ile chemchemi kwa macho yangu nikaifunika kwa zege nisiulize swali la pili. Mama mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Sikumlaumu.

Wazazi wanakutana Jumamosi saa tatu, kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Nimewaambia utakuwepo. Sikukuomba ruhusa, na wewe hukuniomba. Sitakusemea. Utasimama, utawaambia mwenyewe kama ulivyomwambia wakili.

Daraja limefunguliwa, basi la kwanza linafika saa mbili. Nitakuwa stendi. Ukumbini nitakaa kando yako na karatasi, na kila watakachouliza nitakuandikia hapohapo uweze kujibu. Nitaandika kama walivyosema. Sitapunguza neno.

Mdogo wako